Barua ya wazi: Fungueni Kisumu chumba cha rasimu na barua za wasanii wa vitabu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni, waheshimiwa wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, na Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

KUH: MAHALI PA KUPOKEA RASIMU ZA VITABU NA BARUA ZA UCHAPISHAJI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Nawaandikia kuomba jambo moja tu. Naomba Kisumu iwe na mahali rasmi pa kupokea rasimu za vitabu, michoro ya awali, na barua ambazo waandishi na wachoraji wa upande huu waliandikiana na wachapishaji wao. Kwa sasa familia ikifiwa na msanii haina mlango wa kubisha. Katoni hukaa chini ya kitanda hadi mchwa wazifikie, au hadi apite mnunuzi wa karatasi kuukuu anayelipa kwa kilo. Karatasi hizo huishia sokoni zikifungiwa njugu.

Kitabu kikishachapishwa, sheria inakijua. Sheria yetu ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji apeleke nakala mbili kwa msajili, kwa hiyo hata kitabu kikiisha madukani kuna mahali kinapaswa kupatikana. Yaliyokitangulia kitabu hicho hayana msajili. Rasimu ya kwanza na ya nne, barua ya mhariri ya kukataa sura nzima, jibu la mwandishi aliyekasirika, mkataba, hesabu ya mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi: vyote hivi viko mikononi mwa mjane, mtoto wa kiume aliyehamia Nairobi, au mpangaji mpya anayetaka chumba chake kisafishwe.

Mtu anaweza kuuliza: rasimu za nini, wakati kitabu chenyewe kipo? Nitajibu kwa mfano wa mwandishi tunayemjua sote. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alichapisha hadithi mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, kuhusu binti wa chifu anayetolewa kafara kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe. Hadithi iliitwa "The Year of Sacrifice". Ilipoingia katika mkusanyiko wake wa 1968 ilikuwa imebadilishwa jina, ikawa "The Rain Came". Jina la kwanza linamwelekeza msomaji kwenye kafara, la pili kwenye mvua. Nani alibadilisha, na kwa nini? Swali la namna hiyo hujibiwa na rasimu na barua, na mwanafunzi wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Maseno anastahili kulifuatilia bila kubahatisha.

Tena Grace Ogot alisimulia katika mahojiano kwamba hadithi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile alizompelekea meneja wa East African Literature Bureau, ofisi ya kuchapisha vitabu vya Afrika Mashariki, na kwamba watu wa ofisi ile hawakuelewa mwanamke Mkristo angewezaje kuandika habari za makafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Tunalijua jambo hilo kwa sababu mtu alimuuliza, naye akajibu. Je, wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza?

Na wako wengi. Eneo hili limezaa vitabu kwa wingi ambao nadhani hata sisi wenyewe hatuuthamini. Margaret Ogola, mwandishi wa riwaya, alikuwa mtu wa Asembo. Francis Imbuga, mwandishi wa tamthilia, alitoka Maragoli. Henry Chakava, mzaliwa wa Vihiga aliyefariki mwaka 2024, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mhariri wa Heinemann jijini Nairobi kuanzia mwaka 1972 na kuifanya kampuni ile kuwa ya Wakenya. Marjorie Oludhe Macgoye alikuja Kenya mwaka 1954 kama muuza vitabu wa misheni, akaolewa huku, akaandika riwaya na mashairi yanayoijua Nyanza kwa ndani. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alifanya kazi katika mji huu mwishoni mwa miaka ya 1960, na akaanzisha hapa tamasha la sanaa.

Isitoshe, Kisumu haikuwa mji wa kuandika tu huku uchapishaji ukifanyika kwingine. Asenath Bole Odaga alianzisha hapa hapa kampuni ya Lake Publishers and Enterprises, akachapisha vitabu vya watoto na vya Dholuo wakati ambapo wachapishaji wakubwa walikuwa na hamu ndogo sana ya lugha hiyo. Profesa Bethwell Ogot naye alitoa vitabu vyake vya historia kupitia Anyange Press ya Kisumu. Mahali penye mchapishaji ndipo miswada ya watu wengi hukutana: iliyokubaliwa, iliyorudishwa, na ile ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Kwa hiyo mnaposikia neno nyaraka za uchapishaji msidhani ni habari za London na Nairobi peke yake. Kazi hiyo imefanyika kwenye barabara za mji huu.

Sasa nizungumzie katoni ninazozijua mimi. Shangazi yangu alikuwa mchoraji na mtunzi wa hadithi za watoto. Hakuwa maarufu. Vitabu vyake vilisomwa shuleni kwa miaka michache, vikaisha, havikupigwa chapa tena. Alituachia rasimu zilizopigwa taipureta, michoro ya penseli na wino, prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa) zenye masahihisho ya kalamu nyekundu, na barua nyingi. Alikuwa mtu wa utaratibu: kila barua aliyopokea aliitunza, na kila aliyotuma alibaki na nakala ya kaboni. Hivyo mazungumzo yake na wachapishaji yapo yote, ya pande zote mbili, kwa mfuatano wa tarehe. Watu wanaofanya kazi ya nyaraka wataelewa jinsi jambo hilo lilivyo adimu, maana kwa kawaida upande mmoja hupotea.

Kimoja cha vitabu hivyo kinamhusu msichana anayefuatana na nyanya yake ufuoni alfajiri kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Rasimu ya kwanza ni ndefu. Mhariri anamwandikia kwamba kitabu lazima kiwe na kurasa 24, kwa sababu karatasi kubwa inayopita mtamboni hukunjwa kwa mafungu ya kurasa nane, na kuongeza kurasa mbili au tatu ni kulipia fungu jingine zima. Shangazi anapunguza. Anaondoa safari ya kurudi nyumbani, anaondoa jirani mmoja mcheshi. Kisha inafika barua nyingine: nyanya na mvuvi wanabishana bei kwa Dholuo, na mhariri anaona watoto wa mikoa mingine hawatafuata. Shangazi anajibu kwa kirefu. Anasema mtoto wa Mombasa au wa Nyeri ataelewa kwa picha, kwa sababu mkono wa nyanya umefunika beseni na uso wa mvuvi unalalamika. Anapendekeza maneno yabaki na maana iwekwe chini ya ukurasa. Mhariri anamshukuru na kukataa.

Kitabu kilichofika shuleni hakina hata neno moja la Dholuo. Mtafiti akikisoma leo ataandika, kwa haki kabisa, kwamba mtunzi aliamua kuwafanya watu wa ufuoni wazungumze Kiswahili sanifu. Ni uongo, na kitabu hakiwezi kujitetea. Ushahidi wa kwamba aliipigania lugha ya mama yake uko ndani ya katoni, na hauko mahali pengine popote duniani.

Rangi nazo zina habari yake. Michoro yake ya awali ina samawati ya ziwa asubuhi, wekundu wa leso ya nyanya, fedha ya omena walioanikwa kwenye nyavu. Barua inaeleza kwamba gharama inaruhusu rangi mbili tu, nyeusi na nyingine moja, na kwamba hiyo nyingine itakuwa kahawia kwa kuwa ndiyo inayotumika katika vitabu vyote vya mfululizo ule. Akachora upya kitabu kizima. Ziwa la kahawia ndilo lililoonwa na watoto. Mimi hukasirika kila nikiitazama michoro ile ya kwanza, na natamani kila mwalimu wa sanaa katika kaunti hii aitazame pia akiwa na wanafunzi wake, waone jinsi mchoraji mmoja alivyolazimika kueleza mapambazuko kwa kivuli na mistari pekee. Alifaulu, kwa maoni yangu. Lakini huwezi kujua alifaulu katika jambo gani kama hujaona alichonyimwa.

Halafu kuna malipo. Kwa maneno alipewa mrabaha wa asilimia kadhaa. Kwa michoro alilipwa mara moja, basi, na michoro asilia ikabaki ofisini kwa mchapishaji. Aliiomba barua baada ya barua. Baadhi ilirudi, mingine haikurudi. Vijana wanaochora vitabu vya shule leo hutia saini mikataba yenye vifungu vya namna hiyo hiyo bila kumjua aliyewatangulia. Wangesoma barua hizi kabla ya kushika kalamu, wangejua la kuuliza.

Tunajua mambo ya namna hii yanatunzwa vipi kwingineko. Karatasi za mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe ziko katika Maktaba ya Houghton ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na za Mnigeria mwenzake Wole Soyinka zimo humo humo. Nyaraka za Heinemann zinazohusu mfululizo wa African Writers Series, ulioanza mwaka 1962, ziko Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na ndani yake mna barua za Waafrika wengi wakijadiliana na wahariri. Chuo Kikuu cha Texas kilinunua karatasi za mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez kwa dola milioni 2.2. Siwalaumu waliozichukua, wamezitunza vizuri, na bila wao huenda nyingine zingekwisha kuoza. Lakini mwanafunzi wa Kisumu anayetaka kusoma barua ya Mwafrika mwenzake anahitaji viza na nauli ya ndege. Na kuna jambo zito zaidi: vyuo hivyo hununua majina makubwa. Hakuna atakayekuja kutoka Texas kutafuta karatasi za mwalimu wa Nyakach aliyeandika vitabu vinne vya watoto. Huyo ni wetu, na tusipompokea sisi hapokelewi na mtu.

Nchi yetu imewahi kufanya jambo la namna hii ilipotaka. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alikusanya maisha yake yote vitabu, kazi za sanaa na nyaraka, na serikali ikanunua mkusanyiko wake miaka ya 1970. Vitabu vyake zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 viko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa benki. Mtu yeyote anaweza kuingia. Sisi hatuombi jengo la benki.

Mamlaka mnayo, waheshimiwa. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa, maktaba na mengineyo. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya maktaba na makumbusho kwa maneno yasiyo na utata. Kwa upande wa taifa, Sheria ya Nyaraka za Umma ya 1965 inamruhusu Mkurugenzi wa Hifadhi kupokea hata karatasi za watu binafsi zikiwa na thamani ya kihistoria, na Hifadhi ina ofisi ya kanda hapa Kisumu. Kinachokosekana ni makubaliano kati yenu ya nani apokee, na tangazo ambalo mwananchi wa Ahero au Kombewa ataweza kulisikia redioni.

Kwa maoni yangu, karatasi zenyewe zikae chini ya Hifadhi ya Nyaraka, kwa sababu wao wana ujuzi na sheria, na kaunti iwajengee chumba na kulipa mshahara wa mtunza nyaraka mmoja aliyesomea kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwafunza watu hao kwa miaka mingi. Hatuna haja ya kutafuta mbali. Nakala za kusomwa ziwekwe maktaba, ambako wanafunzi huingia kila siku. Najua wengi wao huenda kusomea mitihani wala si kutafuta nyaraka. Ni sawa. Wakikuta ukutani ukurasa wa rasimu uliofutwafutwa na mwandishi wanayemsoma darasani, baadhi yao watasimama kuusoma.

Chumba chenyewe hakihitaji anasa, kinahitaji uangalifu. Hewa ya hapa ni joto lenye unyevu, na unyevu unaopanda na kushuka huumiza karatasi kuliko joto lenyewe. Rafu ziwe za chuma, ziinuliwe kutoka sakafuni, zisiguse ukuta. Paa lisivuje. Tusisahau kwamba mwaka 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi iliyodumu tangu 1964, na watu wa Nyando na Budalang'i wakahama makwao. Chumba kisiwekwe bondeni. Pini na vibanio vyenye kutu vitolewe, raba za kufungia zitolewe, na tafadhali sana, kitu chochote kisilaminishwe. Nimeona familia zikipeleka barua za zamani kwenye duka la fotokopi zikalaminishwe kwa nia njema, na joto lile pamoja na plastiki ile huziharibu bila njia ya kurudi nyuma. Kuna pia karatasi za faksi za miaka ya 1990 ambazo maandishi yake yanafifia hata yakiwa gizani, na flopi ambazo tarakilishi nyingi za leo hazina pa kuziingizia. Hivyo viwili vishughulikiwe kwanza.

Watakaopokea wasipange upya. Jinsi msanii alivyoziweka karatasi zake ni habari kwa yenyewe: barua iliyobanwa pamoja na mchoro inaeleza mchoro ule ulichorwa kwa ajili ya nini. Kinachotakiwa ni orodha ya kila katoni na kilichomo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katoni iliyoingia bila orodha haitofautiani na iliyoibwa.

Familia nazo zina hofu, na ni haki yao. Zinaogopa kwamba zikitoa karatasi zimetoa pia haki. Si hivyo. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kukabidhi karatasi si kukabidhi hakimiliki mpaka iandikwe hivyo. Vilevile barua ya mhariri iliyo mikononi mwetu ni karatasi yetu, lakini maneno yake ni ya mwandishi wake, kwa hiyo inaweza kusomwa chumbani bila kuwa ruhusa ya kuichapisha. Mambo haya yote yaandikwe katika hati ya makabidhiano, kwa lugha ambayo bibi wa miaka 80 ataielewa akisomewa, na nakala abaki nayo. Hati hiyo iipe familia nafasi ya kufunga baadhi ya barua kwa miaka kadhaa. Katika barua za uchapishaji watu hutaja madeni, magonjwa, ndoa zilizovunjika. Aliyeandika hivyo akimwomba mhariri ampe hundi mapema hakuwa akituandikia sisi.

Nawaomba pia msikubali yule atakayewaambia kwamba yatosha kupiga picha na kuweka kwenye intaneti, kisha karatasi zitupwe. Picha ni msaada mkubwa kwa walio mbali, na zipigwe. Haziwezi kuonyesha kwamba ukurasa umebandikwa juu ya mwingine na kwamba chini yake kuna maneno ya kwanza.

Kuhusu wakati: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Chumba hiki kikikosa kutajwa humo, hakitapata fedha mwaka unaofuata. Naomba kitajwe, hata kwa kuanza na rafu chache na mtu mmoja. Naomba mtangaze pia, kabla hata ya chumba kuwa tayari, namba ya simu ambayo familia inaweza kupiga na kusema: tuna katoni, msiache tuzichome. Na nawaomba magavana wa Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia, Homa Bay, Migori na Kisii wachangie, maana wasanii hawa hawakuandika kwa kufuata mipaka ya kaunti, na karatasi za Mumias au Tabaka zina haki ileile ya kupata mahali.

Familia yetu imekubaliana kwamba katoni za shangazi zitakuwa miongoni mwa za kwanza kuletwa, zikiwa na orodha, mara tu kutakapokuwa na mtu wa kuzipokea na hati ya kutiwa saini. Mpaka hapo zimo kwenye sanduku la bati nyumbani, juu ya matofali. Naomba jibu lenu kwa maandishi, na naomba litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, ili familia nyingine nazo zisome.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa Kiswahili, Kaunti ya Kisumu